Mfalme aliyekataa kumzika rafiki yake

Wapenzi wa michezo ya kompyuta na katuni za Kijapani wanalifahamu sana jina la Gilgamesh. Humo anatokea kama mbabe mwenye silaha, anatwanga watu, basi. Wachache wanajua kwamba jina hilo limetoka kwenye utenzi mrefu ulioandikwa juu ya udongo karibu miaka 4,000 iliyopita. Leo tuuchambue huo utenzi wenyewe, maana umebeba mambo ambayo hayajaisha mpaka leo: urafiki, uanaume na uanamke, na kifo.

Kama uko kafe na dakika zinakimbia, shika hili tu. Ni hadithi ya mfalme aliyedhani dunia yote ni yake. Akapata rafiki mmoja. Rafiki akafa, na hapo ndo mfalme akagundua kwamba na yeye siku yake ipo. Wengi wakifika hapo wanasema hii ni hadithi ya wanaume wawili, imeisha. Mimi nasema angalia vizuri. Karibu kila wanaume hawa wanapokwama, anayeona mbele ni mwanamke. Rafiki alimfundisha Gilgamesh kifo ni nini, lakini namna ya kuishi na kifo ilikuwa mikononi mwa wanawake.

Wenye dakika za kutosha, twende pole pole.

UTENZI UMETOKA WAPI?

Mesopotamia ni jina walilotoa Wagiriki, maana yake nchi iliyo kati ya mito. Mito yenyewe ni Tigri na Frati, na sehemu kubwa ya nchi hiyo leo ndo Iraki. Mji wa Gilgamesh, Uruk, ulikuwepo kweli. Magofu yake yapo kusini mwa Iraki, mahali panapoitwa Warka. Orodha ya kale ya wafalme wa Sumeri inamtaja Gilgamesh na kusema alitawala miaka 126, kwa hiyo usiichukue kama cheti cha kuzaliwa.

Mwanzo kulikuwa na tenzi fupi fupi kwa lugha ya Kisumeri. Halafu, kati ya mwaka 1800 na 1700 hivi kabla ya Kristo, watu wa Babeli wakatunga utenzi mrefu kwa Kiakadi, lugha iliyo ukoo mmoja na Kiarabu na Kiebrania. Miaka mia kadhaa baadaye msomi aitwaye Sin-leqi-unninni akaupanga upya. Toleo linalohusishwa na jina lake ndo linalosomwa zaidi, na lina vibao 12 vya udongo.

Vibao vingi vya toleo hilo vilikuwa kwenye maktaba ya mfalme Ashurbanipal kule Ninawi. Mji huo ulipoangamizwa mwaka 612 kabla ya Kristo vikafukiwa chini. Mwaka 1853 Hormuzd Rassam, mzaliwa wa Mosul jirani kabisa na magofu hayo, akaifukua maktaba hiyo na vibao vikapelekwa London. Aliyekuja kusoma habari yake ya gharika alikuwa George Smith, kijana aliyeacha shule akiwa na miaka 14 akajifunza kazi ya kuchonga mabamba ya kuchapia noti. Muda wake wa chakula cha mchana alikuwa anaumalizia makumbusho akijifundisha mwandiko ule wa alama kama misumari. Mwaka 1872 akawaonyesha wasomi wa London kwamba ndani ya vibao hivyo mna habari ya gharika inayofanana na ile ya Nuhu. Kwa sisi tulioishia sekondari, huyu jamaa ni wa kumkumbuka.

MBABE NA MTU WA PORINI

Hadithi inaanza na malalamiko. Gilgamesh ni theluthi mbili mungu, theluthi moja binadamu, na anawasumbua raia wake vibaya mno. Vijana wa kiume hawapumzishi, mabinti hawaachii, na hata bibi harusi anataka aanze yeye kabla ya bwana harusi. Hana wa kumwambia "sasa basi", kwa sababu hana mwenzake wa kulingana naye. Raia wakalia kwa miungu.

Jibu la miungu linafurahisha. Hawakumuua, wala hawakumpindua. Wakamtengenezea mwenzake. Mungu wa kike Aruru alichukua udongo, akamfinyanga Enkidu na kumtupa porini. Enkidu alikuwa na nywele mwili mzima, alikula majani pamoja na swala na kunywa maji na wanyama, na kila mtego wa mwindaji aliuharibu.

Mwindaji akapewa ushauri: mpeleke mwanamke. Akaja Shamhat, ambaye utenzi unamwita kahaba. Wakakaa na Enkidu siku sita na usiku saba. Hesabu hiyo iweke akilini, itarudi. Baada ya hapo Enkidu alipotaka kurudi kwa swala wake, walimkimbia. Mbio zake zilikuwa zimepungua, lakini alikuwa amepata akili na ufahamu mpana.

Wengi wanaikumbuka hii kama habari ya kitandani tu. Kumbe kazi ya Shamhat ilikuwa ndo inaanza. Alichana nguo yake vipande viwili, kimoja akamvika Enkidu. Akamshika mkono akampeleka kwa wachungaji. Huko Enkidu akawekewa mkate mbele yake, akabaki anaukodolea macho, hajui unaliwaje. Shamhat akamwambia kula, na pombe kunywa, ndo desturi ya watu. Jamaa akagonga mitungi saba, akachangamka akaanza kuimba! Kwa kifupi, aliyemtoa kwenye unyama na kumweka kwenye utu ni mwanamke ambaye mtaani pengine asingepewa hata salamu.

Kule Uruk, Gilgamesh naye alikuwa anaota ndoto. Katika moja nyota ilianguka kutoka mbinguni, katika nyingine aliona shoka, na vyote viwili alivipenda kama mtu anavyompenda mke. Hakuelewa. Akamwendea mama yake, Ninsun, naye akamweleza kwamba anakuja rafiki mwenye nguvu, atakayemwokoa.

Wakakutana kwa ugomvi. Enkidu alimzuia Gilgamesh mlangoni kwa maharusi, wakakamatana mieleka mpaka kuta zikatikisika. Kisha hasira ikaisha, wakabusiana, wakawa marafiki. Kwa hiyo urafiki huu ulianza pale mtu mmoja alipodiriki kumwambia mfalme "hapa hupiti". Wapambe wanaokusifia tu sio kitu kimoja na rafiki.

Hapa kuna jambo la kuzingatia. Kwenye zile tenzi za kale za Kisumeri, Enkidu ni mtumishi wa Gilgamesh kwanza kabisa. Washairi wa Babeli ndo waliompandisha akawa wa kulingana naye, akalala pembeni yake kama ndugu. Bila badiliko hilo utenzi wote ungeporomoka, maana kifo cha mtumishi kisingempeleka mfalme mwisho wa dunia.

Je, walikuwa wapenzi? Wasomi wanabishana hadi leo. Utenzi unalinganisha mapenzi yao na ya mke, lakini hausemi wazi zaidi ya hapo. Ninavyoona mimi, mshairi alitafuta kipimo kikubwa cha upendo akakipata kwenye ndoa, na kila msomaji anabaki na hukumu yake.

JINA LISIKUFE

Gilgamesh akaja na wazo: twende Msitu wa Mierezi tukamuue mlinzi wake, Humbaba. Hoja yake ni ya kibinadamu sana. Siku za mtu zinahesabika, basi walau jina libaki. Angalia kwamba hapo anazungumzia kifo kama mtu anayezungumzia mvua ya nchi nyingine. Anakitaja, hakijui.

Kabla hawajaondoka Ninsun akapanda juu ya paa, akamlalamikia Shamash, mungu wa jua: kwa nini umempa mwanangu moyo usiotulia? Kisha akamwita Enkidu akamfanya mwanawe wa kumlea, akamkabidhi usalama wa Gilgamesh. Toka siku hiyo wakawa ndugu.

Humbaba waliuawa naye akiomba asamehewe. Kuhusu tukio hili kuna habari mpya. Mwaka 2011 makumbusho ya Sulaymaniyah, kaskazini mwa Iraki, yalinunua kibao ambacho wasomi Farouk Al-Rawi na Andrew George walikichapisha mwaka 2014. Ndani yake msitu una ndege na nyani wanaopiga kelele kama wanamtumbuiza Humbaba, na Enkidu mwenyewe anasikitika kwamba wameugeuza msitu kuwa jangwa. Kumbe hata washindi dhamiri iliwauma.

GILGAMESH AMTOSA ISHTAR

Gilgamesh aliporudi, akaoga, akavaa, akapendeza. Ishtar, mungu wa kike wa mapenzi na vita, akamwona akazimia kabisa. Akamwambia waziwazi awe mume wake, akamwahidi gari la vito na wafalme wa kumsujudia. Mwanamke ndo anatongoza na anataja mahari, Gilgamesh ndo anaringa.

Na alimtosa vibaya. Akaanza kumhesabia wapenzi wake wa zamani na yaliyowapata: Dumuzi analiliwa kila mwaka, ndege alivunjwa bawa, mchungaji akageuzwa mbwa mwitu akafukuzwa na mbwa wake mwenyewe. Kwa maneno mengine, kukupenda wewe ni kufa. Hoja ina ukweli, lakini kejeli zilizidi. Ishtar akaenda kwa baba yake Anu kumwomba Fahali wa Mbinguni aje kuangamiza Uruk. Marafiki wakamuua Fahali, na Enkidu akakata paja lake akamrushia Ishtar.

Usiku ule walilala washindi. Miungu nayo ikakaa kikao: mmoja lazima afe. Ikamwangukia Enkidu.

KUFIA KITANDANI

Sehemu hii ndo inayoniuma kuliko zote. Enkidu hakufa kwa upanga. Aliugua siku 12, anazidi kudhoofu, na uchungu wake mkubwa ulikuwa kwamba hafi vitani kama mwanaume mwenye jina. Yaani shujaa aliyeua majitu akamalizwa na kitanda.

Katika uchungu akatafuta wa kumlaumu. Akamlaani mwindaji, kisha Shamhat: alale kwenye vivuli vya kuta, walevi wampige makofi. Maana asingekuja yule mwanamke, Enkidu angekuwa bado na swala, hajui kwamba kuna kufa.

Shamash akamjibu kutoka juu. Kwa nini unamlaani aliyekulisha mkate, akakunywesha pombe, akakuvika nguo, akakupa Gilgamesh awe rafiki yako? Enkidu akatulia. Akageuza laana kuwa baraka, akamtakia Shamhat apendwe na wakubwa na kupewa dhahabu.

Hapo mshairi ameweka swali zito. Ungejua mapema kwamba urafiki utaisha kwa maumivu haya, ungeukataa? Enkidu, mwenye kila sababu ya kusema ndiyo, mwisho alisema hapana.

MWANAUME ANALIA

Sisi tumezoea kuambiwa mwanaume halii, machozi yanaingia tumboni. Gilgamesh hilo hakulijua. Aliamuru mito, mashamba, wanyama wa porini na wazee wa Uruk wote wamlilie Enkidu. Alisema atalia kama mwanamke anayelipwa kuomboleza msibani. Alifunika uso wa rafiki yake kama uso wa bibi harusi. Akazunguka huku na huku kama simba jike aliyenyang'anywa watoto, anang'oa nywele, anachana nguo nzuri na kuzitupa.

Hebu zitazame hizo picha. Mwombolezaji wa kike, bibi harusi, simba jike. Shujaa namba moja wa Mesopotamia, alipofika kwenye huzuni ya kweli, lugha ya ubabe ilimwishia. Mshairi akamwazimia lugha ya wanawake.

Kisha akakataa kuuzika mwili. Alikaa nao siku sita na usiku saba, akitumaini kwamba kilio chake kitamwamsha rafiki, mpaka funza akadondoka kutoka puani mwa maiti. Mistari mitukufu yote ya utenzi huu haimfikii huyo funza mmoja. Hapo ndo kifo kiliacha kuwa maneno. Gilgamesh akaogopa, akavaa ngozi za wanyama akakimbilia porini. Enkidu alitoka porini akawa mtu, Gilgamesh alitoka mjini akawa kama mnyama. Wamebadilishana.

MUUZA POMBE, MKE WA MZEE NA NYOKA

Alikuwa anamtafuta Utnapishtim, mtu aliyepona kwenye gharika akapewa uzima usio na mwisho. Njiani alikuta walinzi, nusu watu nusu nge. Mlinzi mwanaume akasema huyu mwili wake ni wa miungu. Mkewe akamsahihisha: theluthi mbili mungu, theluthi moja mtu. Nyie wenyewe amueni nani aliangalia vizuri.

Ukingoni mwa bahari akamkuta Siduri, mama mwenye kilabu cha pombe. Alipomwona alivyochakaa, akafunga mlango kwa komeo. Baadaye akamsikiliza, akamwelekeza kwa nahodha Urshanabi.

Katika toleo la zamani zaidi Siduri alimwambia na jambo jingine. Uzima unaoutafuta hutaupata, miungu walijiwekea wenyewe. Wewe kula ushibe, furahi mchana na usiku, oga, vaa nguo safi, mtazame mtoto aliyekushika mkono, mpe mkeo furaha. Wengine wanaisoma hii kama "tule bata, kesho tutakufa". Mimi sidhani. Mtoto aliyekushika mkono ni jukumu la kila siku. Katika toleo la baadaye ushauri huo haupo kinywani mwa Siduri. Mazungumzo mazito kuhusu kifo yamepewa mzee Utnapishtim. Nani aonekane mwenye hekima nalo lilikuwa jambo la kuhaririwa.

Utnapishtim akamsimulia gharika yake, iliyopiga siku sita na usiku saba. Kisha akampa mtihani: unataka kushinda kifo, anza na usingizi. Kaa macho siku sita na usiku saba. Gilgamesh alikaa chini, akapitiwa pale pale! Mzee akasema binadamu ni wadanganyifu, huyu atakataa kwamba amelala. Mkewe akawa anaoka mkate kila siku na kuuweka kichwani kwake. Alipoamshwa akabisha kweli, ndo nimesinzia sasa hivi. Akaonyeshwa mikate saba, wa kwanza umekauka, wa mwisho bado uko motoni.

Siku sita na usiku saba, mara nne. Enkidu kuwa mtu, Gilgamesh kukataa mazishi, dunia kufunikwa na maji, Gilgamesh kushindwa na usingizi. Kila mara muda huo unapokwisha, mtu au dunia haiwi tena kama zamani.

Gilgamesh alipokuwa anaondoka mikono mitupu, mke wa Utnapishtim akamwonea huruma: mtu amechoka hivi, unampa nini arudi nacho? Ndipo mzee akamfunulia siri ya mmea wa kurudisha ujana, ulio chini ya maji. Akauchukua. Na hapa amebadilika, hakuumeza pale pale. Alitaka aupeleke Uruk, kwanza mzee mmoja aujaribu. Njiani akaingia bwawani kuoga, nyoka akausikia harufu, akauiba, akajivua gamba akaondoka. Gilgamesh akakaa chini akalia.

Akarudi Uruk na Urshanabi. Akamwonyesha ukuta wa mji, matofali yake, mashamba yake, karibu kwa maneno yale yale yaliyoufungua utenzi. Kibao cha 11 kinaishia hapo. (Cha 12 kinasimama pembeni, ni habari ya roho ya Enkidu ikieleza hali ya wafu, iliyotafsiriwa kutoka Kisumeri.) Mwanzoni ukuta ulikuwa sifa ya mbabe. Mwishoni ni kitu ambacho watu wengine watakitumia yeye akiwa hayupo.

HAKI YAO IKO WAPI?

Tusiupambe utenzi kupita kiasi. Wanawake hawa wanajua mengi, lakini wakishamaliza kumsaidia mwanaume wanatoweka. Shamhat hatuambiwi aliishia wapi. Mke wa Utnapishtim, aliyepewa uzima wa milele sawa na mumewe, hana hata jina. Mke wa mlinzi nge naye hana. Hatujui wao walimlilia nani.

Hata hivyo hadithi bado inakua. Vipande vya udongo vinaendelea kutambuliwa, na vingine vinaibwa. Kibao chenye zile ndoto alizotafsiri Ninsun kiliuzwa mwaka 2014 kwa zaidi ya dola milioni 1.6, kisha kikarudishwa Iraki mwaka 2021 baada ya kuthibitika kwamba kiliingizwa kinyemela. Sauti ya mama akimweleza mwanawe kwamba rafiki anakuja imerudi nyumbani.

Sasa zamu yenu wadau. Enkidu alikuwa na haki kumlaani Shamhat kabla hajambariki? Na Siduri, ushauri wake ungeufuata, au nawe ungevuka bahari kwanza? Dada zangu hasa, nawasubiri, maana wanaume tukijadili utenzi huu wenyewe tunaishia kwenye mieleka. Maoni yako wazi hapo chini. Tubishane kwa hoja, matusi nafuta.